Jina la Rolls-Royce liliuzwa peke yake

Hivi wadau, ukinunua nyumba, ukalipa, ukakabidhiwa na funguo, halafu jirani akatokea na hati, nyumba ni ya nani? Msicheke, Volkswagen yaliwakuta mwaka 1998.

Vickers ya Uingereza ilikuwa inauza kampuni ya magari ya Rolls-Royce na Bentley. BMW wakatoa pauni milioni 340. Volkswagen wakapanda hadi milioni 430, wakapewa. Wakapata kiwanda cha Crewe, mafundi wake, umbo la ile grili ya mbele na hata kale kasanamu ka mwanamke mwenye mabawa. Jina sasa! Jina na zile herufi RR vilikuwa mali ya Rolls-Royce plc, watengenezaji wa injini za ndege. Biashara hizo mbili zilitenganishwa baada ya kampuni mama kufilisika mwaka 1971. Wenye jina wakawaruhusu BMW walitumie kwa pauni milioni 40 tu. Na ni BMW hao hao waliokuwa wanawauzia Crewe injini za magari mapya!

Ikabidi wakae mezani. Volkswagen waunde Rolls-Royce hadi mwisho wa 2002, kisha wabaki na Bentley. BMW wakajenga kiwanda kipya Goodwood, Phantom ikatoka 2003.

Watu wanasema Volkswagen waliingizwa mjini. Mimi nabisha. Bentley ilinunuliwa na Rolls-Royce mwaka 1931, na kwa miaka mingi ilikuwa Rolls-Royce ile ile iliyobadilishwa grili na nembo. Ilihitaji mwenye pesa na nia, ikampata: Continental GT ilitoka mwaka huo huo wa 2003, na Crewe wakawa na kazi.

Kinachonikera ni zile hadithi za ukoo. Kisheria, Phantom ni mtoto halali wa Rolls na Royce waliokutana mwaka 1904, sibishi. Lakini ilizaliwa kwenye kiwanda kipya, ikiwa na injini ya BMW. Ile V8 iliyoanza mwaka 1959 kwenye magari ya majina yote mawili, ikakua hadi lita 6.75, haikuhamia Goodwood. Ilibaki Crewe, ikaendelea kuundwa kwa ajili ya Bentley hadi 2020. Sasa niambieni mrithi ni yupi. Siku nikiokota mamilioni Kariakoo, nachukua Bentley.