Nani wa Damu Safi Hapa Madaba?



Mwezi uliopita nilihudhuria matanga ya mzee mmoja hapa kwetu Madaba. Matanga yalipokwisha, wazee wa ukoo walikaa chini ya mwembe ili kugawa shamba la marehemu. Ndipo akasimama kijana mmoja mwenye elimu, aliyekuja kutoka mjini kwa ajili ya mazishi tu, akamnyoshea kidole mtu mzima aliyelima sehemu ya shamba hilo miaka arobaini, akasema, "Huyu si wa damu yetu. Bibi yake aliokotwa wakati wa njaa. Hana fungu." Wazee wakainama, wakachora mchanga kwa vijiti. Nami nilinyamaza pamoja nao, na kwa kuwa niliona haya baadaye, namjibu leo.

Wewe kijana wajiita Mngoni halisi. Haya, tuhesabu. Baba zetu walitoka kusini kwa kukimbia vita vya Shaka, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835 pamoja na Zwangendaba, wakafika Ufipa. Naye alipokufa huko wakagawanyika, wengine wakaja huku. Katika safari ile yote walichukua watu njiani, wanaume kwa wanawake, wakawafanya askari, wake na watoto wao. Hata Nduna Songea Mbano, ambaye mji wetu mkuu waitwa kwa jina lake, asili yake si Uzuluni bali ni Washona, watu wa nchi ya Zimbabwe. Je, yeye naye aliokotwa? Tena walipofika huku wakawatwaa Wandendeule, Wapangwa, Wabena na wengine, wakawaita wasutu. Na lugha unayojivunia, hicho Kingoni, si ile iliyotoka kusini. Ile imekufa. Hii twaisema kwa sababu mama zetu wasutu ndio waliotulea na kutufundisha kusema.

Kisha ikaja vita ya Maji Maji. Tarehe 27 Februari 1906 Wadachi waliwanyonga mashujaa 67 pale Songea, na hilo hukumbukwa kila mwaka. Lakini waliouawa na njaa walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa kamba na risasi, maana askari walichoma maghala na mashamba kwa makusudi, ili watu washindwe kwa njaa. Watoto walibaki peke yao katika vijiji vilivyoteketea. Mmoja wao ndiye huyo bibi unayemdharau. Babu yako mkuu alimkuta, akampa uji, akampa na jina la ukoo. Sasa wewe, uliyeshiba, unalichukua jina hilo kwa mjukuu wake!

Mtu atasema, desturi ni desturi. Mgeni aweza kupewa jembe, lakini kurithi hawezi. Vema, tushike desturi. Dada zake mtu huyu walipoolewa, mahari yao ilipokewa na nani? Ilipokewa na ukoo wenu, chini ya mwembe ule ule, na sikusikia mzee hata mmoja aliyesema, "Rudisheni ng'ombe hawa, wasichana hawa si damu yetu." Iwapo damu ilitosha kula mahari, imepungukiwa na nini hata isitoshe kupata shamba?

Tena kuna jambo ambalo labda hukuambiwa. Babu yako mzaa baba alikwenda Tanga kuwa manamba katika mashamba ya mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa nchi hii. Alisema atarudi baada ya msimu mmoja, akakaa miaka tisa. Baba yako alikuwa mtoto mdogo nyumbani. Aliyemlimia mama yake, akaezeka nyumba na kumpeleka mtoto shuleni, ni baba yake huyu unayemfukuza. Mimi nilisimuliwa na shangazi yako mwenyewe, naye yu hai, kamwulize.

Wala sidhani kwamba ni damu iliyokuuma. Miaka ile shamba lilipokuwa pori hakuna aliyeuliza habari za bibi. Leo watu wapanda miti ya mbao, wanunuzi wapita kwa magari, ndipo nasaba zinachunguzwa.

Wazee wetu, nanyi nawalaumu, na mimi nikiwa mmoja wenu. Habari hizi tunazijua, lakini twazisimulia kwa kunong'ona, kana kwamba kuwa na bibi msutu au yatima ni aibu ya nyumba. Kwa ukimya wetu kijana huyu amepata nafasi ya kusema aliyosema.

Baraza la ukoo litakaa tena mahindi yakiisha kuvunwa. Nitakwenda, ikiwa nitakubaliwa kama jirani, nami nitachukua daftari nililoandika majina ya watu wa nyumba yangu hata kizazi cha tano. Mahali pa baba wa bibi yangu pako wazi, maana aliletwa mdogo, asijue kwao. Kijana naye alete daftari lake, tuyasome yote mawili mbele ya wazee.