Plazma: kura ipigwe mapema

Agosti 23, 2020, Rais Donald Trump aliwaita waandishi wa habari Ikulu ya Marekani, akatangaza kibali cha dharura cha kutibu UVIKO-19 kwa plazma, yaani majimaji ya damu, ya waliopona. Mkuu wa FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, Stephen Hahn, akaongeza kwamba katika kila wagonjwa 100, 35 wangeokolewa. Kesho yake akakiri amekosea. Takwimu hizo zililinganisha waliopewa plazma yenye kingamwili nyingi na waliopewa yenye chache. Ambao hawakupewa kabisa hawakuwamo kwenye hesabu. Wamarekani zaidi ya 70,000 walikuwa wameshatundikiwa plazma, na hakuna aliyejua kama inasaidia.

Waingereza walipiga kura. Katika utafiti wa RECOVERY, wagonjwa 11,558 waligawanywa kwa bahati nasibu: hawa plazma, wale tiba ya kawaida tu. Ndani ya siku 28 walikufa asilimia 24 huku, na 24 kule. Utafiti huohuo ndio ulioonyesha Juni 2020 kuwa deksamethazoni, dawa ya zamani na ya bei ya chini, inapunguza vifo vya walio kwenye mashine ya kupumulia kwa karibu theluthi moja.

Wengi wakaizika plazma hapo. Tunaona walifanya haraka.

Mwaka 2023 Wabelgiji walitoa matokeo ya wagonjwa mahututi 475, wote wakiwa kwenye mashine kwa muda usiozidi siku tano. Plazma ilichaguliwa: mfuko usio na kingamwili za kutosha haukutumika. Waliopewa walikufa asilimia 35.4, wasiopewa, 45. Nafuu ilionekana hasa kwa waliopangiwa tiba ndani ya saa 48 tangu kuwekwa kwenye mashine. Utafiti mmoja hautoshi kuandika mwongozo, lakini unaelekeza pa kutafuta. Kingamwili hukamata virusi. Mapafu yakishaharibika, hazina la kuyafanyia. Halafu plazma si maji ya uzima: inaweza kumletea mgonjwa mzio, au kumjaza maji mapafuni.

Kwa hiyo, ili plazma ijaribiwe mapema, mpango wa utafiti uandikwe na kupitishwa na kamati za maadili kabla mlipuko mwingine haujaja, na benki za damu ziwe na vifaa vya kupima kingamwili. Ndugu wa mgonjwa watalalamika kwamba mtu wao anachezewa bahati nasibu. Waelezwe kwamba kumtundikia mfuko kwa kubahatisha nako ni majaribio, ila yasiyoandikwa popote.

Na asiseme mtu kwamba hayo ni ya Ulaya. Dawa nne za Ebola zilipimwa kwa kura Beni na Butembo, Kongo, kuanzia Novemba 2018, huku vituo vya tiba vikichomwa moto. Kufikia Agosti 2019 mbili zilikwishajulikana kuwa bora. Mojawapo, mAb114, ilitokana na kingamwili za mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.