Kuchagua Shule Si Kumaliza Wajibu

Mtoto ni amana, na elimu yake ni sehemu kubwa ya amana hiyo. Hapana mzazi mwenye moyo wa huruma asiyetamani kumwona mwanawe katika shule iliyo bora. Lakini kutamani ni jambo moja, na kujua shule ipi iliyo bora ni jambo jingine. Katika toleo hili tunapenda kuzungumzia mji wa New Orleans, katika jimbo la Louisiana nchini Marekani, ambako kuchagua shule kumekuwa lazima kwa kila mzazi. Ndugu wengi wasemao Kiswahili, wakiwemo waliokimbia vita nchini Kongo, wameweka makazi katika miji ya Marekani yenye shule za namna hiyo, na huenda kesho wakakabiliwa na karatasi ileile ya maombi.

Shule hizo huitwa shule za mkataba. Ni shule za umma: hugharamiwa kwa kodi ya wananchi, hazitozi ada, wala haziruhusiwi kufundisha watoto ibada za dini yoyote. Hata hivyo haziendeshwi moja kwa moja na idara ya elimu ya mji. Huendeshwa na bodi iliyotia saini mkataba na mamlaka, kwamba ikipewa uhuru wa kuajiri walimu, kupanga ratiba na kuchagua vitabu, italeta matokeo yaliyoahidiwa. Ikishindwa, mkataba wake haufanywi upya, na shule hufungwa au hukabidhiwa wengine. Sheria ya kwanza ya shule hizi ilipitishwa katika jimbo la Minnesota mwaka 1991, na shule ya kwanza ilifunguliwa mjini St. Paul mwaka 1992.

New Orleans iliingia katika mfumo huu kwa njia ya msiba. Tarehe 29 Agosti, 2005 kimbunga Katrina kiliupiga mji, nao ukafunikwa na maji. Miezi michache baadaye serikali ya jimbo ilichukua shule nyingi kutoka kwa bodi ya elimu ya mji, na wafanyakazi zaidi ya 7,000 wa shule wakaachishwa kazi, wengi wao wakiwa Wamarekani weusi. Shule zikagawiwa waendeshaji wa mkataba mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2018 usimamizi ulirejeshwa kwa bodi ya mji, lakini uendeshaji ulibaki mikononi mwa wenye mikataba. Mwaka 2019 hata McDonogh 35, iliyofunguliwa mwaka 1917 ikiwa shule ya kwanza ya sekondari ya umma kwa watoto weusi mjini humo, nayo iliingia katika mkataba. Ilipofika Agosti 2024 ndipo bodi ilipofungua tena shule inayoiendesha yenyewe, iliyopewa jina la Leah Chase.

Je, mavuno yake ni yapi? Haki hutudai tuseme yote mawili, jema na baya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane wameonyesha kwamba baada ya mageuzi hayo alama za mitihani zilipanda kwa kiasi kikubwa, na idadi ya wanaohitimu na kuingia vyuoni ikaongezeka. Asiyekubali hayo anafumba macho. Lakini watafiti haohao wameeleza kwamba sehemu kubwa ya mafanikio hayo ilitokana na kufungwa au kubadilishwa waendeshaji wa shule zilizokuwa dhaifu. Maana yake ni kwamba nyuma ya kila takwimu nzuri wako watoto walioambiwa shule yenu imekwisha, tafuteni nyingine.

Tena, neno mkataba peke yake si dhamana. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotolewa mwaka 2009, uliohusu majimbo mengi ya Marekani, ulikuta kwamba katika somo la hisabati asilimia 17 tu ya shule za mkataba zilizidi shule za kawaida. Asilimia 37 zilikuwa chini yake, na zilizobaki hazikuwa na tofauti. Uchunguzi wa chuo hichohicho wa mwaka 2023 ulikuta wanafunzi wa shule za mkataba wametangulia kidogo kwa wastani. Hali imebadilika, lakini wastani hausomeshi mtoto. Mtoto husomeshwa na shule moja, na mwalimu mmoja aliye mbele yake.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Mwaka 2010 familia za watoto wenye ulemavu mjini New Orleans zilifungua kesi mahakamani, zikidai kwamba watoto wao walikuwa wakikataliwa na shule au wakinyimwa huduma wanazostahili kisheria. Shauri hilo lilimalizika kwa makubaliano mwaka 2015, na shule zikawekewa wasimamizi wa kujitegemea. Aidha, mwaka 2019, katika shule moja ya sekondari ya mkataba mjini humo, ilibainika baada ya sherehe ya mahafali kwamba karibu nusu ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho hawakuwa wametimiza masharti ya kuhitimu. Wazazi walikuwa wamekwisha kushangilia, na watoto wamekwisha kuvaa majoho. Nani alaumiwe? Bila shaka ni walioiendesha shule. Lakini msiba ule unatufundisha kwamba kazi ya mzazi haiishi siku anapopata nafasi.

Kwa hiyo tunatoa nasaha zifuatazo kwa wazazi. Kwanza, msidharau tarehe. Maombi ya mji ule huwekwa katika utaratibu mmoja: mzazi huorodhesha shule kwa kadiri azipendavyo, kisha nafasi hugawiwa kwa kufuata vipaumbele, kama kuwa na ndugu shuleni, na kwa kura pale watoto wanapozidi nafasi. Anayechelewa hupata yaliyosazwa na wengine. Pili, andikeni kwa ukweli shule mnayoitaka zaidi iwe ya kwanza. Utaratibu huo umeundwa ili mtu asiadhibiwe kwa kusema anachokitaka, basi hapana haja ya kufanya hila.

Tatu, ulizeni kabla ya kuandika. Walimu hukaa miaka mingapi kabla ya kuondoka? Mkataba wa shule unakwisha lini, na shule ilipewa daraja gani mwaka uliopita? Mwanafunzi mzito wa kuelewa husaidiwa, au hufukuzwa kwa makosa madogo mpaka mzazi achoke? Basi humchukua mtoto saa ngapi alfajiri? Shule nzuri isiyofikika ni kama kisima kilicho mbali. Mwenye kiu huchoka njiani. Nne, kwa kuwa shule hizi hazifundishi dini, mzazi Mwislamu asidhani kwamba nidhamu kali na sare safi vinachukua nafasi ya malezi ya nyumbani na ya madrasa.

Wala wazazi wa Afrika Mashariki wasidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Kwetu nako watu huchagua shule kwa kutazama bango la matokeo lililotundikwa langoni. Shule ikijua kwamba inapimwa kwa bango, hushawishika kuwaondoa wanyonge kabla ya mtihani ili bango lipendeze. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule zilizoongoza, lakini bango bado limo mioyoni mwa wazazi. Tukiendelea kuuliza tu ni wangapi waliofaulu, pasipo kuuliza ni wangapi waliofukuzwa, sisi wenyewe tunalipia ubaya huo.

Mwisho, tuwakumbuke wasio na mchaguzi. Mzazi mwenye gari, mwenye kusoma Kiingereza na mwenye muda wa kutembelea shule tano atachagua vema. Mama afanyaye kazi usiku, aliyefika nchi ngeni jana, atachagua gizani. Kila jirani aliyekwisha kupita njia hii ana deni la kumsaidia anayekuja nyuma: amsomee fomu, amkumbushe tarehe, afuatane naye shuleni. Mfumo wa uchaguzi humtazama kila mzazi peke yake, lakini watoto wetu wataishi katika mji mmoja. Mtoto wa jirani aliyekosa elimu leo, kesho ndiye atakayekuwa jirani wa mtoto wako.