Mtu wa nusu kaputi mwambie ukweli!

Wiki iliyopita hamkuniona kwenye safu hii, wengine mkasema nimeoa kimyakimya. Wapi! Nilikuwa zangu Mbulu, kwenye baridi ya kukata masikio, namuuguza mdogo wangu.

Huyu binti ameolewa Basotu, wilaya ya Hanang. Siku zake zilipotimia mtoto akawa amekaa vibaya, ikabidi tuvuke naye kwenda hospitali moja upande wa Mbulu. Si ajabu, watu wa Hanang wanavuka hivyo tangu Wanorwei wafungue hospitali ya Haydom mwaka 1955. Daktari akampima, akasema ni kisu.

Kabla ya thieta akaja bwana mmoja mpole, faili mkononi. Nikadhani ndiye mpasuaji, kumbe ni mtu wa usingizi! Mimi nilijua kazi yake ni moja tu: anakuchoma nusu kaputi, unakoroma, basi.

Akaanza maswali. Umekula saa ngapi? Una pumu? Kuna dawa iliyowahi kukudhuru? Shangazi, msemaji mkuu wa ukoo, akadakia: "Huyu hana neno, mwanangu. Mchome tu."

Mdogo wangu kimya. Nani amkatize shangazi mbele ya mgeni?

Mimi moyo ukanipasuka. Tulipokuwa wadogo alichomwa penisilini zahanati, midomo ikavimba kama maandazi, pumzi ikawa ya kutafuta. Nikajikohoza: "Samahani shangazi..." Nikamwaga yote. Jicho nililotupiwa, usipime! Lakini yule bwana akaandika haraka kwenye faili, akamwambia nesi dawa ibadilishwe.

"Dawa gani tena? Si unamlaza tu?" nikauliza. Hapo ndipo nikapewa shule ya bure.

Kisu kikipasua ngozi, mlango umefunguka na vijidudu vinaingia. Antibayotiki inatakiwa iwe imeshafika kwenye damu na nyama kabla ya hapo. Ukichelewa, ni sawa na kufunga zizi wakati fisi yumo ndani. Ndiyo maana orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotoka mwaka 2008, inataka timu iulizane kwa sauti: dawa imetolewa ndani ya dakika 60 zilizopita?

Na kwa nini kazi hiyo mara nyingi iwe ya mtu wa usingizi? Kwa sababu yeye ndiye anayekaa kichwani pa mgonjwa, mshipa anao yeye, na saa anaiangalia yeye. Mpasuaji macho yako kwenye kisu. Operesheni ikipita saa 4, au damu ikimwagika nyingi, dawa kama sefazolini huongezwa, na anayekumbuka ni huyohuyo.

Mambo yakaenda salama, akazaliwa binti mwenye sauti ya tarumbeta. Siku ya pili shangazi akanituma duka la dawa: "Kalete vidonge, kidonda kibichi hakiachwi hivihivi!" Nesi akamzuia kwa upole. Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2016 unasema dawa ya kinga isiendelezwe baada ya operesheni kwisha. Kidonda kikitoa usaha au homa ikipanda, hilo ni jambo jingine, rudi ukatibiwe. Kumeza ovyo kunavifundisha vijidudu kuizoea dawa.

Shangazi akanuna siku mbili. Kidonda kikakauka vizuri, naye akalainika, sasa anaisimulia habari hii kana kwamba yeye ndiye aliyesema!

Haya, na wewe wa mjini unayejifanya ngangari, iandike leo dawa iliyowahi kukuvimbisha. Siku ukiletewa faili, sema mwenyewe, hata kama wakubwa wamesimama pembeni. Shangazi akinuna utamwomba radhi kesho. Hiyo kesho lazima uwepo.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.