Nyumba ya Mfalme na Mwangalizi Wake

Siku moja tulikuwa tukipita Forodhani, mjini Unguja, pamoja na wanafunzi wetu wa chuo. Mmoja wao, mtoto wa miaka kumi, akalitazama jumba la Beit al-Ajaib lililobomoka, kisha akatuuliza: "Maalim, mwenyewe yuko wapi?" Tukamjibu kwamba mwenyewe, Sayyid Barghash bin Said, alifariki mwaka 1888. Mtoto hakuridhika. "Basi mwenyewe wa sasa ni nani?" Tukanyamaza, na swali lake tukarudi nalo nyumbani.

Sayyid Barghash alijenga zaidi ya jumba moja. Maruhubi, kaskazini ya mji, alijenga jumba la watu wa nyumbani kwake. Mwaka 1899, naye amekwisha kufa, likateketea kwa moto wala halikujengwa tena. Aendaye leo huona nguzo nene za mawe zisizobeba kitu, na hamamu isiyokogwa na mtu.

Beit al-Ajaib, alilolijenga mwaka 1883, halikukosa watu. Mwaka 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga mizinga majumba ya wafalme kwa muda usiotimia saa moja. Beit al-Hukm, jirani yake, likaharibiwa, na hili likasalimika. Tangu mwaka 1911 likawa ofisi za serikali ya Kiingereza. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 likabaki mikononi mwa serikali, na mwishowe likafanywa makumbusho. Lakini kuitumia nyumba si kuitunza. Jengo la mawe na chokaa likivuja juu, maji hushuka ndani ya kuta kimyakimya, na anayepita chini haoni ila uzuri wa milango. Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka, jumba likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kulitengeneza, upande mkubwa wa mbele ulianguka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafa. Wale hawakuwa wafalme. Walitoka majumbani mwao asubuhi kutafuta riziki. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Wazee wetu walioweka nyumba wakfu walikuwa na hadhari katika jambo hili. Humtaja msimamizi kwa jina, na baada yake nani. Na kodi inayopatikana hutangulia kuitengeneza nyumba yenyewe, ndipo wenye haki nyingine wapate. Jumba la mfalme halina sharti kama hilo. Fedha zake hutoka mkononi mwa mwenyewe, na mkono ukiondoka, kila ajaye huona kazi ya kupaka chokaa ni ya mwenziwe. (Hata hivyo tusimdhulumu Sayyid Barghash: ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi kwa mfereji, na maskini wakayanywa bila ya kubisha hodi kwake.)

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, na paa la chuo chetu likavuja pale pale lilipovuja mwaka jana. Nyumba hiyo nayo ni wakfu. Yule mtoto akainua macho, akatutazama, asiseme neno. Tulifunga darsa kabla ya wakati wake, tukashika mwavuli, tukenda kwa msimamizi.