Faili la Askari si Siri ya Vita

Kila mwaka, vijana wa kidato cha sita wakisha kumaliza mitihani yao, Jeshi la Kujenga Taifa huwaita kwa mujibu wa sheria. Orodha ya majina hutolewa katika tovuti ya Jeshi hilo, na mwenye kutaka huiona: jina la kijana, shule aliyotoka, na kambi aliyopangiwa. Hapa Dodoma twawaona wakiteremka stendi na mabegi yao, wakiuliza njia ya Makutupora, wengine wakiendelea hadi Mpwapwa. Ni jambo la kufurahisha macho, nasi tulio wazazi hatuwezi kulitazama bila ya kujivuna kidogo.

Lakini orodha ile ile aionayo mzazi, tapeli naye huiona. Jeshi letu limekwisha kuonya mara nyingi juu ya watu wanaojifanya maofisa, wakawapigia wananchi simu, wakawaahidi nafasi, wakawatoza fedha. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kuvunja kabati la mtu. Akisha kujua jina, shule na kambi, amekwisha kupata nusu ya uongo wake. Nusu iliyobaki ni sauti ya amri na namba ya kupokelea fedha.

Twaanza na jambo hili dogo kwa kuwa nyuma yake liko kubwa. Serikali yetu ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume ya kuisimamia ina makao yake hapa hapa Dodoma, na Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua tarehe 3 Aprili 2024. Mji huu huu ndio penye Wizara ya Ulinzi. Chamwino ndipo yalipo makao makuu ya JKT. Na Kikombo ndipo palipochaguliwa kujengwa Makao Makuu ya Ulinzi. Basi Tume na Jeshi ni majirani. Twauliza: je, jirani huyu aweza kubisha hodi kwa yule?

Sheria yenyewe haina maneno magumu ikisha kufafanuliwa. Habari za mtu zisikusanywe ila kwa kazi halali iliyotajwa; zisizidi haja ya kazi hiyo; ziwe za kweli; zisikae milele pasipo sababu; na mwenye kuzishika azilinde zisivuje wala zisipotee. Mtu naye amepewa haki ya kujua ni habari gani zake zimeshikwa, na kutaka makosa yasahihishwe. Ziko habari nyingine ambazo Sheria inazitazama kwa jicho kali zaidi: za afya, za dini, za mawazo ya siasa, za alama za vidole na mfano wake. Na mzizi wa yote haya ni Ibara ya 16 ya Katiba, ambayo humpa kila mtu haki ya kuheshimiwa na kuhifadhiwa nafsi yake, maisha yake ya binafsi na familia yake. Askari ni mtu. Hakuna mahali Katiba iliposema kwamba mtu akivaa magwanda ameacha nafsi yake getini.

Hata hivyo Sheria imeweka msamaha. Habari zinazoshughulikiwa kwa ajili ya kulinda usalama wa Taifa na masilahi ya umma zaweza kutolewa nje ya masharti yake, na vile vile habari za kuzuia au kugundua uhalifu, na za kumchunguza mtu anayetazamiwa kuteuliwa katika utumishi wa umma. Sisi hatuupingi msamaha huo. Nchi isiyoweza kutunza siri ya ulinzi wake ni sawa na nyumba isiyo na mlango. Wala si jambla la kwetu tu: Kenya, katika Sheria yake ya mwaka 2019, imeweka msamaha wa usalama wa Taifa, na Uingereza hali kadhalika.

Hoja yetu ni nyingine. Msamaha uliwekwa kwa ajili ya kazi fulani, haukuwekwa kwa ajili ya jengo. Mahali kikosi kilipo, idadi ya silaha, jina la mtu aliyetumwa kupeleleza mpakani, hizo ni siri za ulinzi, na anayezitoa ni msaliti. Lakini ndani ya boma lile lile iko kadi ya kliniki ya mke wa askari. Kuna cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake, namba yake ya benki, mkopo aliokopa, jina la mrithi aliyemwandika. Kuna nakala za vyeti na namba za kitambulisho cha Taifa za vijana waliotaka kuandikishwa, ambao wengi wao hawakuchukuliwa, wakarudi makwao kulima. Karatasi zao ziko wapi? Nani azishika, na hata lini? Kusema kwamba karatasi hizo nazo ni siri ya vita, kwa kuwa tu zimelala katika masjala ya Jeshi, ni kulivuta neno la Sheria mpaka likatike.

Mahakama Kuu imekwisha kutuonyesha kwamba maneno mapana yaweza kukataliwa. Mwezi wa Mei 2024, katika shauri lililofunguliwa na mwananchi mmoja mwanasheria, ilikuta kwamba baadhi ya maneno ya vifungu vya 22 na 23 vya Sheria hii hayana mipaka inayoeleweka, na kwa hiyo hayapatani na Katiba. Shauri lile halikuwa la Jeshi. Lakini mantiki yake ni moja: sheria inayomnyima mtu haki yake haina budi iseme waziwazi inamnyima nini, na kwa nini.

Wako watakaotujibu kwamba tunacheza na moto. Watasema, ukimruhusu karani wa Tume aingie katika masjala leo, kesho adui ataingia nyuma yake. Jibu hili si la kudharauliwa, ila twaona limekaa juu chini. Katika zama hizi adui haanzi na ramani ya ngome, anaanza na habari za mtu mmoja mmoja. Januari 2018 ilijulikana kwamba programu moja ya simu ya kupimia mazoezi, iitwayo Strava, ilikuwa imechora katika ramani ya dunia njia walizokimbilia watumiaji wake. Na kwa kuwa askari wa Marekani na wa nchi nyingine walikuwa wakiivaa mikononi wakifanya mazoezi, kambi zao za mbali zilionekana waziwazi jangwani kama taa usiku. Hakuna aliyeiba waraka wa siri. Watu walikimbia tu asubuhi.

Na mwaka 2015 Marekani hiyo hiyo iligundua kwamba ofisi inayotunza habari za watumishi wa Serikali yake imeibiwa majalada ya uchunguzi ya watu milioni 21.5: madeni yao, ndugu zao walio ng'ambo, magonjwa yao, pamoja na alama za vidole za mamilioni kati yao. Mwenye kujua deni la ofisa na aibu ya nyumba yake anajua pa kumshika. Basi kulinda habari binafsi za askari ni sehemu ya ulinzi wa nchi, na kamanda anayeiona Tume kama mgeni msumbufu ajue kwamba wanalinda ghala moja.

Uingereza imetoa funzo lenye uchungu zaidi. Mwezi wa Septemba 2021 watumishi wa Wizara ya Ulinzi ya huko walituma barua moja ya mtandao kwa Waafghani 245 waliokuwa wakitafuta kuhamishwa baada ya Kabul kuanguka, na kila mmoja akaziona anwani za wenzake wote. Mlinzi wa habari binafsi wa nchi hiyo, ambaye ni raia asiye na cheo cha kijeshi, aliitoza Wizara faini ya pauni 350,000 mwezi wa Desemba 2023. Jeshi la Uingereza halikuanguka kwa kutozwa faini. Lakini kumbe lilikuwako kosa jingine: mwezi wa Februari 2022 ofisa mmoja alituma nje orodha yenye habari za Waafghani wapatao 19,000 walioomba hifadhi kwa kuwa waliwahi kufanya kazi na majeshi ya nchi hiyo. Kosa hilo likafunikwa kwa amri ya mahakama, hata magazeti yakakatazwa kutaja kwamba amri yenyewe iko, mpaka amri ilipoondolewa mwezi wa Julai 2025. Waliosema amri ililinda roho za watu walikuwa na haki kwa sehemu. Lakini amri hiyo iliwalinda pia waliokosea, na Bunge likakaa karibu miaka miwili bila ya kujua linapaswa kuuliza nini.

Siri, basi, ina pande mbili kama panga. Nasi hatutaki Sheria ya kulinda habari za watu ije kuwa pazia la kumficha mkubwa aliyeharibu. Askari anapotaka kuona kilichoandikwa katika faili lake, kwa mfano sababu ya kunyimwa cheo au taarifa ya daktari iliyomtoa kazini, asiambiwe kwamba ni siri inayomlinda yeye mwenyewe. Sisi tuliosoma shule za misheni twalikumbuka daftari la ubatizo. Padri alilifungia kabatini na hakumpa mtu yeyote alifunue ovyo. Lakini mkristo aliyekuja kuomba mstari wake mwenyewe, alinakiliwa, akapewa, akaenda zake kufunga ndoa.

Kuna jambo moja ambalo husahauliwa sana watu wanapozungumza juu ya ulinzi wa habari, nalo ni kutopotea. Wengi hudhani kulinda ni kuficha. Lakini faili lililoungua au kuliwa na mchwa limemdhuru mwenyewe kuliko lililosomwa na jirani. Tarehe 12 Julai 1973 moto ulishika ghala la kumbukumbu za askari wa Marekani mjini St. Louis, ukala majalada yapatayo milioni 16 hadi 18. Hapakuwa na nakala. Kwa miaka mingi baadaye wazee waliopigana vita vikuu viwili walihangaika kuthibitisha kwamba waliwahi kuwa askari.

Wagogo hawahitaji kwenda St. Louis kulijua hilo. Katika vita ya mwaka 1914 hadi 1918 majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalipita katika uwanda huu yakichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Na mvua ilipokosa, ikaja njaa ambayo wazee wa Ugogo waliiita Mtunya. Wapagazi waliochukuliwa wengi hawakurudi. Jina la Kariakoo huko Dar es Salaam limetokana na kikosi chao, na hilo ndilo karibu kumbukumbu yote waliyoachiwa. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 haina jina la mtu hata mmoja. Mwezi wa Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile, na pengine wafikao 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa sehemu majina hayakuandikwa vizuri. Kwa sehemu yaliandikwa, wakubwa wakaona hayana haja ya kuchongwa.

Jeshi letu si la mkoloni. Liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari ya mwaka ule kuondoa lile tulilorithi, nalo likaitwa la Wananchi kwa makusudi. JKT lilikuwa limetangulia, tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo ya mujibu wa sheria yakasimama mwaka 1994, yakarudi mwaka 2013. Hiyo ni miaka sitini na zaidi ya karatasi. Ndani yake wamo waliovuka Kagera katika vita ya 1978 na 1979. Tuseme yuko mjane Kondoa, au Manyoni, ambaye mumewe alitumika miaka ishirini. Haki zake zote zimefungwa katika namba moja ya jeshi na karatasi chache. Karatasi zikiwapo na zikiwa za kweli, anakula. Zikiwa na jina lililokosewa herufi moja, anapanda basi kuja Dodoma mara tatu, mara nne.

Tunayoyataka si makubwa. Orodha ya wanaoitwa JKT haina lazima ya kubandikwa wazi kwa ulimwengu wote. Kila kijana angeweza kuingiza namba yake ya mtihani, akaona kambi yake mwenyewe na si ya jirani. Karatasi za waombaji wasiochukuliwa ziwekewe muda, kisha ziteketezwe mbele ya mashahidi na kuandikwa kwamba zimeteketezwa. Kila anayefungua faili la askari, awe karani au jenerali, aache jina lake na saa. Habari za hospitali za kijeshi zikae mbali na habari za nidhamu, ili mtu asiogope kwenda kupima. Na msamaha wa usalama wa Taifa, kila unapodaiwa, utiwe sahihi na Waziri kwa maandishi, kama Waziri wa Uingereza awezavyo kufanya, na awepo jaji wa kuutazama kwa faragha pale mtu anapolalamika. Hapo siri ya kweli itabaki siri, na yale yaliyojificha nyuma yake yatatoka.

Nasi tulio katika Chama tusijifanye watazamaji. Sheria hii inayahesabu mawazo ya siasa ya mtu kuwa habari ya kulindwa kwa ukali, na kila ofisi yetu, tangu shina hadi Taifa, ina daftari la wanachama lenye majina, namba za simu na namba za vitambulisho. Tumewahi kuliona daftari la namna hiyo limeachwa juu ya meza, dirisha wazi, katibu amekwenda kunywa chai.