Bibi Alipovaa Miwani Chalinze

Sisi wengi tuendao likizo kwa barabara ya Morogoro au ya Tanga twaijua Chalinze kwa mambo mawili: njia panda yake, na nyama choma inunuliwayo haraka haraka kabla dereva hajapiga honi. Mwaka huu nimeijua kwa jambo la tatu.

Tulikuwa safarini kwenda Lugoba kwa kaka yangu: mimi, mume wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi. Gari la kuunganisha lilikuwa bado. Kando ya stendi kijana mmoja alikuwa amekodi chumba, akaweka viti na bango lililotangaza kwamba kwa shilingi 3,000 mtu atazuru popote apendapo kwa muda wa dakika tano.

Chombo chenyewe ni miwani mikubwa ifunikayo nusu ya uso. Ndani yake mna viwambo vidogo vya picha, kila jicho na chake, na kila ugeuzapo kichwa picha nayo hugeuka, hata ubongo ukakubali kwamba uko huko. Si uvumbuzi wa jana. Mwaka 1968 mtaalamu wa Marekani, Ivan Sutherland, alikwisha kuunda cha namna hiyo, kizito hata ikabidi kining'inizwe darini.

Mwanangu wa miaka 12 alichagua kigari cha michezo kiporomokacho kwenye reli za juu. Dakika ya pili jasho likamtoka, akashikwa na kichefuchefu. Macho humwambia mtu kwamba anakwenda kasi, lakini sikio la ndani, ambalo ndilo litunzalo mizani ya mwili, hukana. Dawa ni kuivua na kutulia. Mdogo wake wa miaka 7 tulimkatalia katakata. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, mojawapo ya watengenezaji wa miwani hii, ilishusha umri wa chini kutoka miaka 13 hadi 10, tena kwa idhini ya mzazi. Nami sikuona sababu ya kuwa mlegevu kuliko muuzaji. Alilia mpaka akanunuliwa chungwa.

Ndipo kijana akamgeukia mama. "Shikamoo bibi. Nawe ungependa kwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Kilwa Kisiwani," akajibu, bila hata kufikiri.

Mama yangu alizaliwa Kisiwani, na maumivu ya nyonga yamemzuia kupanda mashua kwa miaka mingi. Bahati ilioje, picha za Kilwa zilikuwamo. Mwaka 2020 kampuni ya Google, pamoja na shirika la CyArk lipimalo majengo ya kale kwa kamera na mionzi ya leza, walionyesha Kilwa miongoni mwa mahali patano duniani panapotishiwa na mabadiliko ya hali ya hewa. Basi mama akausimamia Msikiti Mkuu wa mji ule aliousifu Ibn Battuta alipoufikia mwaka 1331. Akaliona Gereza, ngome ya ufukweni ambayo bahari inaitafuna. Akanyoosha mkono aguse ukuta, akagusa hewa.

Kisha akanyamaza. Akajigeuza kitini huku na huku, kama mtu aliyeitwa.

"Watu wako wapi?" akauliza. "Nyumba yetu ilikuwa upande huu, ya makuti, na kisima mbele. Mbona haimo?"

"Wamepima magofu tu, bibi," kijana akajibu kwa upole.

Mama akavua miwani. Macho yalikuwa yamelowa.

Nakiri, msomaji, kwanza nilimkasirikia yule kijana, ambaye hakuwa na kosa lolote. Wapimaji nao hawana kosa. Walianza na kile ambacho bahari ingeweza kukichukua. Lakini mimi, mwenye miaka 36, nilikuwa nimemwuliza mama mara ngapi habari za nyumba ile? Hata ya kwamba palikuwa na kisima niliyasikia siku hiyo, stendi, mbele ya mtu nisiyemjua.

Mkienda kujaribu, hakikisheni vioo vinafutwa kabla ya kuvaliwa, na mzee wenu apewe kiti chenye mgongo. Mshikeni mkono, tena mzungumze naye, maana avaaye miwani ile huwa peke yake hata mkijaa chumbani. Hilo ndilo lisilonipendeza hata leo: tulilipa shilingi 6,000, wawili wakasafiri, na watatu tukabaki kutazama watu wanaotazama ukuta.

Gari la Lugoba lilipoondoka, mwanangu, ambaye rangi ilikuwa imemrudia, alifungua daftari akachora msikiti kwa jinsi alivyousikia ukielezwa.

"Bibi, kisima kilikuwa mkono gani?"

Mama aliitazama ile karatasi kitambo, kisha akaomba kalamu. Alianza na mnazi.